Malalamiko ya Ubaguzi Illinois: Nani Hubeba Gharama ya Kuchelewa

Nchini Marekani, mtu mwenye ulemavu anayefukuzwa kazi au kunyimwa nyumba ya kupanga kwa sababu ya hali yake mara nyingi haanzii mahakamani. Huanzia kwenye ofisi ya serikali ya jimbo, ambako malalamiko hupokelewa bila ada wala sharti la kuwa na wakili, kisha huchunguzwa na mtumishi wa umma. Karibu kila jimbo lina ofisi ya aina hiyo. New York ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 1945 iliyokataza ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, dini na asili. Mengine yakafuata, na ulemavu ukaja kuongezwa miaka mingi baadaye. Lengo lilikuwa kumpa mwananchi wa kawaida njia nyepesi na ya haraka kuliko mahakama. Wepesi umepatikana kwa kiasi fulani. Haraka ndiyo imekuwa taabu, na sehemu kubwa ya mageuzi ya ofisi hizi imezunguka swali moja: serikali ikichelewa, hasara imwangukie nani?

Jimbo la Illinois, lenye jiji la Chicago, linafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu limelijibu swali hilo kwa njia tofauti katika nyakati tofauti, na jibu la kwanza lilikuwa baya kiasi cha kufika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Kwenye karatasi Illinois haikuwa nyuma. Katiba yake ya mwaka 1970 ina kifungu kinachokataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika kuuza na kupangisha nyumba, na katika kuajiri na kupandisha vyeo pale ambapo ulemavu hauhusiani na uwezo wa kufanya kazi. Hiyo ni miaka 20 kabla ya Rais George H. W. Bush kutia saini sheria ya taifa ya Wamarekani wenye ulemavu, Julai 26, 1990. Tena sheria ya taifa, kwa upande wa ajira, humgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi tu. Sheria ya Illinois humbana hata mwenye mfanyakazi mmoja. Fundi viatu mwenye msaidizi mmoja, au duka la familia lenye karani mmoja, halimo katika sheria ya taifa, ila kwa Illinois limo. Kwa wafanyakazi wa sehemu ndogo kama hizo, ofisi ya jimbo mara nyingi ndiyo mlango pekee.

Mwezi Novemba 1979, mfanyakazi mmoja aliyekuwa katika kipindi cha majaribio kwenye kampuni ya Zimmerman Brush aliachishwa kazi. Sababu aliyopewa ni kwamba mguu wake wa kushoto, uliokuwa mfupi kuliko wa kulia, ulimfanya asiweze kazi ya karani wa kusafirisha mizigo. Hakukaa kimya. Siku tano baadaye alikwisha kufikisha malalamiko kwenye tume ya jimbo iliyoshughulikia haki kazini. Sheria ya wakati ule iliipa tume siku 120 tangu kupokea malalamiko kuitisha kikao cha kutafuta ukweli, yaani kikao cha kuwakutanisha mlalamikaji na mwajiri mbele ya mchunguzi. Ofisi, kwa uzembe na wala si kwa hila, ilipanga kikao Machi 18, 1980. Siku 120 zilikuwa zimeisha siku tano kabla yake.

Kampuni iliomba malalamiko yafutwe, na Mahakama ya Juu ya Illinois ikakubali. Ilisema siku 120 ni amri ya sheria, zikipita tume haina tena mamlaka juu ya shauri. Alipojaribu kuleta malalamiko mapya, muda wa kuyawasilisha nao ulikuwa umepita. Mtu aliyetimiza kila alichotakiwa akapoteza haki yake kwa sababu ya kalenda ya ofisi ambayo hakuwa na uwezo wowote juu yake. Aliyeshtakiwa akatoka bila kujibu hata swali moja kuhusu mguu wala kazi.

Shauri likafika Washington kwa jina la Logan dhidi ya Zimmerman Brush, na Februari 24, 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ikalitolea uamuzi. Jaji Harry Blackmun aliandika kwamba haki ya kutumia utaratibu wa malalamiko uliowekwa na jimbo ni mali ya mlalamikaji chini ya katiba, na jimbo haliwezi kuiharibu mali hiyo bila kumpa mwenyewe nafasi ya kusikilizwa. Illinois haikuweza kujitetea kwamba ni karani mmoja aliyeteleza, kwa maana hasara haikuletwa na kuteleza kwake tu: utaratibu wenyewe ndio uliofuta dai mara tu ofisi ilipochelewa, bila kuuliza kosa ni la nani. Katika jambo lisilo la kawaida, Blackmun alitoa pia maoni ya pili pembeni ya hukumu yake mwenyewe, akisema sheria ile iliwagawa walalamikaji katika makundi mawili bila sababu ya maana: wale ambao ofisi iliwahi mashauri yao na wale ambao haikuwahi. Majaji wenzake kadhaa walikubaliana naye kwa hilo pia.

Tangu hapo haikuwezekana tena kumtwisha mlalamikaji uzembe wa ofisi kwa namna ile ya wazi. Lakini hukumu ya mahakama haiajiri wachunguzi. Ilizuia shauri kufa kwa kuchelewa, haikuzuia kuchelewa.

Wakati shauri hilo likiendelea, Illinois ilikuwa tayari imevunja mfumo wa zamani. Sheria ya Haki za Binadamu ya jimbo, iliyoanza kutumika Julai 1, 1980, iliunda vyombo viwili. Idara ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko, hujaribu usuluhishi na kuchunguza. Tume ya Haki za Binadamu husikiliza mashauri na kuamua. Nia ya kutenganisha ilikuwa njema: anayepeleleza asiwe ndiye anayehukumu. Gharama yake ni kwamba faili moja hupita mikono mingi, na kila linapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, husubiri.

Safari ya faili yenyewe ni hii. Mlalamikaji hujaza fomu ya maelezo, au hupiga simu akaeleza yaliyomkuta. Fomu hiyo peke yake haitoshi. Ofisi huyaandika maelezo yale kuwa hati ya malalamiko, na mwenyewe huithibitisha kwa saini na kiapo. Wanaodhani kwamba kutuma fomu ndiyo kulalamika hujiweka hatarini, hasa siku za ukomo zinapokaribia. Hati ikikamilika, mwajiri hupelekewa taarifa na kutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 60. Pande zote zikikubali, hukaa kwa usuluhishi. Zisipokubali, mchunguzi huhoji mashahidi na kuomba nyaraka, kisha huandika ripoti inayosema kama ushahidi unatosha kulipeleka shauri mbele. Asiyejibu au asiyefika kikaoni bila sababu ya msingi huweza kushindwa kwa kutokuwepo, na mlalamikaji asiyefika huweza kufutiwa dai lake.

Idara hupewa siku 365 kumaliza kazi hiyo, isipokuwa pande zote zikubali kuongeza. Na hapa ndipo tofauti na siku 120 za zamani inapoonekana. Siku 365 zikipita bila ripoti, dai halifi. Mlalamikaji hufunguliwa dirisha la siku 90 ambamo anaweza kulipeleka shauri lake mwenyewe kwenye Tume au mahakamani. Kuchelewa kwa serikali, ambako mwaka 1980 kulifunga mlango, sasa hufungua mwingine. Ni mageuzi makubwa kwa mantiki. Kwa vitendo yana upungufu, kwani anayehitaji kujua kwamba dirisha limefunguka ni mtu yuleyule asiye na wakili, ambaye mfumo ulijengwa kwa ajili yake.

Kwa malalamiko ya ulemavu muda una uzito wake wa pekee. Katika ubaguzi wa aina nyingine, jambo linalobishaniwa mara nyingi limekwisha kutendeka: mtu hakuajiriwa, au alifukuzwa. Katika ulemavu, ubishi mara nyingi ni juu ya marekebisho yanayotakiwa sasa hivi. Chukua karani ambaye macho yake yanafifia. Anaomba programu ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti, na ruhusa ya kuanza kazi saa moja baadaye ili asiendeshe gari gizani wakati wa baridi. Sheria inawataka yeye na mwajiri wake wazungumze kwa nia njema ili kupata kinachowezekana. Mwajiri akikaa kimya, karani anaendelea kufanya makosa kwenye hesabu, makosa hayo yanaingia kwenye tathmini yake, na baada ya miezi sita anafukuzwa kwa utendaji duni. Mchunguzi anapofika mwaka mmoja baadaye anakuta faili limejaa makosa ya karani. Ombi lake la mdomo halikuandikwa popote, na msimamizi aliyeambiwa amehamia kampuni nyingine. Barua ya daktari iliyo mezani inaeleza hali ya macho ya leo, haisemi yalikuwaje siku ya ombi.

Kwa hiyo kila mwezi unaopita bila uchunguzi hauwi mwezi wa kusubiri tu. Unaubadilisha ushahidi wenyewe, na kwa kawaida unaubadilisha kwa faida ya mwenye kumbukumbu za maandishi, yaani mwajiri. Haki inataka isemwe pia kwamba waajiri nao huumia. Mshahara wa nyuma unaodaiwa huongezeka kila mwezi, na mwajiri aliyetenda sawa hulazimika kujitetea kwa mashahidi waliokwisha kutawanyika.

Kwa miaka mingi mlalamikaji wa Illinois hakuwa na njia ya kutoka nje ya mfumo huu kwenda mahakama za jimbo. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2008 ilibadilisha hilo: uchunguzi ukiisha, mlalamikaji anaweza kuchagua Tume, au kufungua kesi katika mahakama ya kawaida ya jimbo na kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama. Wakati huohuo lilifanyika badiliko jingine ambalo halikupigiwa kelele. Kabla ya hapo, mtu ambaye dai lake lilifutwa na Idara kwa kukosa ushahidi aliomba mapitio kwa mwanasheria mkuu wa Idara hiyohiyo. Mageuzi yakahamishia mapitio hayo kwenye Tume, kwa hoja isiyopingika kwamba aliyefuta dai hafai kuwa ndiye anayepima kama alikosea.

Hoja ilikuwa sahihi, lakini watu hawakuongezwa kwa kadiri ya kazi. Tume ilikuwa na wajumbe 13 waliofanya kazi kwa muda tu, wengi wakiwa na shughuli zao nyingine, na sasa iliangukiwa na maombi ya mapitio juu ya mashauri iliyokuwa nayo. Mrundikano ukakua kimyakimya kwa muongo mzima. Miaka kumi baada ya mageuzi, maombi yaliyokuwa yakisubiri yalihesabiwa kwa mamia mengi, baadhi yakiwa na umri wa miaka kadhaa. Idara ilikuwa ikijitahidi kutimiza siku 365, huku aliyeshindwa kwake akiomba mapitio na kukaa mahali ambako hapakuwa na siku ya mwisho. Foleni haikupungua, ilihamia jengo jingine.

Gavana Bruce Rauner alijaribu mwaka 2017 kuziunganisha Idara na Tume kwa agizo lake, na mpango huo haukupita. Wapinzani wake waliogopa kurudi kule kulikoachwa mwaka 1980, mpelelezi na mwamuzi chini ya paa moja. California ilikuwa imechagua njia kali zaidi. Huko tume iliyokuwa ikisikiliza mashauri ilifutwa kabisa kuanzia mwaka 2013, na idara ya haki za kiraia ikabaki na kazi ya kuchunguza na kwenda mahakamani. Tena mlalamikaji wa ajira huko akitaka, hupewa papo hapo barua ya ruhusa ya kushtaki, hata uchunguzi haujaanza. Mfumo huo hauna foleni kwa mwenye wakili. Asiye na wakili hupewa barua ileile, na thamani yake kwake ni ndogo.

Illinois ikachukua njia ya katikati. Agosti 2018 gavana alitia saini sheria iliyopunguza wajumbe wa Tume kutoka 13 hadi 7 na kuwafanya wa kudumu, wenye kulipwa kwa kazi ya siku nzima. Sifa zinazotakiwa ni pamoja na leseni ya uwakili au uzoefu wa kusikiliza mashauri ya namna hiyo. Liliundwa pia jopo la muda la watu watatu, kazi yake ikiwa moja: kumaliza maombi ya mapitio yaliyorundikana. Kuweka jopo la muda ni jambo dogo kwa sura, ila ni la busara. Wajumbe wapya wangeanza na mzigo wa zamani, wangechukua miaka kuumaliza huku mashauri mapya yakichakaa nyuma yake.

Sheria hiyo ilifanya mengine mawili yanayomgusa mlalamikaji moja kwa moja. Kwanza, muda wa kulalamika uliongezwa kutoka siku 180 hadi 300. Pili, anayetaka kujitoa kwenye uchunguzi wa Idara anaweza kuomba hivyo ndani ya siku 60 tangu apewe taarifa ya haki hiyo, akapewa barua ya kwenda mahakamani. Hili la pili linapunguza foleni kwa kuwatoa wenye uwezo. Wanaobaki ni wale ambao mawakili hawakuwachukua, kwa sababu dai lao lina fedha kidogo au ushahidi mgumu, na mashauri ya marekebisho kazini mara nyingi yana sifa zote mbili: mtu alitaka kiti tofauti, hakulipwa chini ya wenzake. Uchunguzi wa umma ulio imara ni muhimu kwa kundi hilo kuliko barua yoyote ya ruhusa.

Mageuzi hayakuishia hapo. Tangu Julai 2020 sheria ya jimbo inawagusa waajiri wote wa Illinois, hata mwenye mfanyakazi mmoja, kwa aina zote za ubaguzi kazini. Kwa ulemavu ilikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 2026 ulianza na badiliko ambalo mtu aliyeifuatilia kesi ya mwaka 1982 hawezi kulipita bila kusimama: kikao cha kutafuta ukweli si cha lazima tena katika kila shauri. Idara inaamua kama kinahitajika, na pande zinaweza kukiomba kwa maandishi. Wachunguzi watapata saa nyingi za kazi. Walalamikaji wengine watakosa nafasi ambayo kwa wengi ilikuwa ndiyo pekee ya kumwona mwajiri akijibu maswali ana kwa ana, na kwa mtu asiyeandika vizuri, au anayezungumza kwa lugha ya alama, maelezo ya mdomo mbele ya mchunguzi yana nguvu ambayo barua haina.

Hilo linagusa upande ambao mageuzi ya sheria husahau mara kwa mara: ofisi ya malalamiko nayo yaweza kumzuia mwenye ulemavu. Fomu ya mtandaoni isiyosomeka kwa programu za wasioona, simu isiyo na njia kwa viziwi, siku za kujibu zisizomhesabia mtu aliyelazwa hospitalini, vyote ni vizuizi, na sheria ya taifa ya mwaka 1990 inazitaka ofisi za majimbo kuviondoa kama inavyomtaka mwenye duka kuondoa ngazi. Lugha ni kizuizi kingine. Katika miji ya Moline na Rock Island, kando ya mto Mississippi, wanaishi wakimbizi wengi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili. Anayeumia mgongo kazini huko na kuachishwa anahitaji mkalimani kabla ya kuhitaji wakili, na asipompata katika siku za mwanzo, hati ya malalamiko huandikwa kwa maneno yasiyo yake.

Kuna pia serikali ya taifa, ambayo ina tume yake ya fursa sawa za ajira. Mwaka wa fedha wa 2023 tume hiyo ilipokea malalamiko 81,055 kutoka nchi nzima, na ulemavu ni miongoni mwa misingi inayotajwa mara nyingi zaidi. Tume hii na ofisi za majimbo zina mapatano ya kugawana kazi, hivyo malalamiko yaliyopelekwa kwa mmoja yanaweza kuhesabiwa kuwa yamepelekwa kwa wote wawili. Mpango huu humwokoa mtu na kukimbia ofisi mbili, ila una mtego wake. Aliyeanzia kwenye tume ya taifa, Idara ya Illinois husimama hadi tume ile imalize. Baada ya hapo mlalamikaji ana siku 30 za kupeleka nakala ya uamuzi huo kwa Idara ikiwa anataka jimbo liendelee. Wengi hudhani ofisi hizo mbili zinapelekeana karatasi zenyewe.

Tangu Januari 1, 2025, muda wa kulalamika kwa Idara ya Illinois kuhusu ubaguzi kazini ni miaka miwili. New York ilikwisha kuufanya miaka mitatu tangu Februari 2024, na California imekuwa na miaka mitatu kwa mashauri ya ajira tangu 2020. Muda mrefu unamfaa mgonjwa aliyetumia mwaka wa kwanza kutibiwa, na mfanyakazi aliyekuwa akiogopa kulalamika akiwa bado kazini. Hata hivyo muda wa tume ya taifa haukubadilika: siku 300 katika majimbo yenye ofisi zao. Mfanyakazi wa Illinois anayelalamika mwezi wa ishirini anabaki na dai lake chini ya sheria ya jimbo, na analikosa lile la taifa. Akiwa amefanyia kazi duka lenye watu wanne, hapotezi kitu, maana sheria ya taifa haikumgusa tangu mwanzo. Akiwa ametoka kiwanda cha watu mia tano, amepoteza nusu ya silaha zake bila mtu yeyote kumwambia.